Kwa nini marubani hunyamaza hata ndege ikiwa bado ardhini

Msomaji mmoja ameuliza: "Ndege yetu ilipokuwa ikitoka maegeshoni kuelekea barabara ya kurukia, nilimwomba mhudumu awaulize marubani kama nitaiwahi ndege yangu ya pili. Alikataa kwa upole, akasema kwamba wakati ule haruhusiwi kuwasemesha. Muda mfupi baadaye tukasimama njiani kwa dakika kadhaa bila kuambiwa lolote. Ninaelewa kwamba kuruka na kutua ni kazi nzito, lakini ndege ikiwa inatembea tu ardhini, tena polepole kama basi linalotoka stendi, kujibu swali moja kuna hatari gani?"

Mhudumu huyo alifanya sawasawa, wala hakukunyima jibu kwa kuliona swali lako kuwa dogo. Alifuata kanuni ambayo kwa mashirika ya ndege ya Marekani imekuwa sheria tangu mwaka 1981, na ambayo mashirika ya sehemu nyingine za dunia yanaifuata kwa sura inayokaribiana: katika vipindi vya safari vinavyohesabiwa kuwa nyeti, marubani hawaruhusiwi kufanya wala kuzungumza jambo lisilohitajika kwa usalama wa ndege, na hakuna mfanyakazi mwingine anayeruhusiwa kuwasumbua kwa jambo la namna hiyo. Kinachowashangaza abiria wengi ni mipaka ya vipindi hivyo. Kanuni ya Marekani haikuishia kwenye kuruka, kutua na safari iliyo chini ya futi 10,000, yaani takriban mita 3,000. Imetaja waziwazi pia shughuli za ardhini ambamo ndege inatembea kwa nguvu ya injini zake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nayo inataja kutembea ardhini. Kwa hiyo ukimya huo huanza pale ndege inapoanza kujiendesha yenyewe, na baada ya kutua haukomi hadi ndege isimame kwenye egesho lake.

Chanzo cha kanuni hiyo hakikuwa ajali ya ardhini. Tarehe 11 Septemba 1974 ndege aina ya DC-9 ya shirika la Eastern Air Lines ilianguka kwenye ukungu kabla ya kuifikia barabara ya kutulia huko Charlotte, Marekani, na watu 72 kati ya 82 waliokuwamo wakapoteza maisha. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kilionyesha kwamba wawili hao walikuwa wakizungumzia siasa na magari yaliyotumika huku ndege ikishuka chini ya kimo kilichotakiwa. Kwa kisa kama hicho ingetosha kuandika kanuni ya kushuka na kutua peke yake. Walioiandika walienda mbali zaidi, na ajali zilizofuata zimeonyesha kwamba hawakukosea.

Ulinganisho wako na basi una ukweli nusu. Ni kweli kwamba ndege kubwa inapokwenda ardhini kwenye njia iliyonyooka kwa kawaida haizidi kilomita 55 kwa saa, na kwenye kona hupungua hadi chini ya kilomita 20. Lakini dereva wa basi ana kazi moja ya kuendesha, ilhali marubani wana kazi tatu zinazokwenda kwa wakati mmoja: kuiongoza ndege, kuitafuta njia ndani ya kiwanja, na kuitayarisha ndege kuruka.

Kuiongoza kwenyewe si jepesi kama kunavyoonekana dirishani. Boeing 777-300ER ina upana wa takriban mita 65 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine, na katika ndege nyingi kubwa rubani hawezi kuiona ncha ya bawa lake akiwa kitini. Gurudumu la mbele liko nyuma ya kiti chake, kwa hiyo kwenye kona hulazimika kuupita kwanza mstari anaotaka kuufuata, ndipo akate, na kwa wakati huo yeye mwenyewe huwa ameketi juu ya nyasi wakati magurudumu bado yako kwenye lami.

Kuitafuta njia nako kuna mambo yake. Viwanja vikubwa vina viungio vingi, yaani zile barabara zinazounganisha maegesho na barabara za kurukia, na kila kimoja kina herufi au herufi na namba. Vibao vya njano vyenye maandishi meusi huelekeza, vibao vyeusi vyenye maandishi ya njano hueleza ulipo, na vibao vyekundu vyenye maandishi meupe huonya kwamba mbele kuna barabara ya kurukia ambayo huruhusiwi kuingia bila idhini. Mwongoza ndege aliye mnarani hutaja redioni viungio vinavyopaswa kufuatwa, mara nyingine vitano au sita kwa pumzi moja, pamoja na agizo la kusimama kabla ya barabara fulani, na agizo hilo la kusimama ni lazima rubani alirudie ili pande zote mbili zihakikishe kwamba limesikika vyema. Usiku au kwenye mvua, kiwanja chote hugeuka kuwa uwanda wa taa za buluu na kijani ambamo kona mbili zilizo jirani zinafanana kabisa.

Kazi ya tatu ndiyo abiria asiyoiona hata kidogo, nayo ndiyo kiini cha jibu langu. Wakati rubani mkuu anaiongoza ndege, rubani msaidizi hujibu redio, hutoa flapu, yaani vile vibao vinavyochomoza nyuma ya bawa ili liweze kuibeba ndege kwa mwendo mdogo, hujaribu usukani na kanyagio kuhakikisha kwamba sehemu zote za mabawa na mkia zinaitikia, na husoma orodha ya ukaguzi. Hesabu za mwisho za uzito wa abiria na mizigo huenda zikamfikia wakati huohuo, zikabadilisha mwendo ambao ndege inapaswa kufikia kabla ya kunyanyuka. Iwapo waliondoka kwa injini moja ili kuokoa mafuta, ya pili inabidi iwashwe mapema ipate muda wa kupata joto. Na upepo ukibadilika, mnara unaweza kuwapa barabara nyingine ya kurukia, jambo linalomaanisha kufanya upya hesabu za mwendo, nguvu za injini na flapu, kisha kuiandika upya njia ya kuondokea kwenye kompyuta ya ndege. Muda wote huo rubani mmoja ameinamisha kichwa, na aliyebaki ndiye pekee anayetazama nje.

Sasa tazama tabia ya kosa linalofanyika katika kipindi hicho. Dereva wa basi akikosea stendi, matokeo huonekana palepale: anagonga nguzo, abiria wanapiga kelele, basi linasimama. Flapu zisipotolewa wakati ndege inatembea, hakuna kinachotokea. Ndege inaendelea vizuri, inakata kona vizuri, inasubiri zamu yake vizuri. Kosa linakaa kimya dakika tano, kumi, hata ishirini, hadi pale ndege inapofikia mwendo wa kunyanyuka na mabawa yakashindwa kuibeba, na hapo barabara iliyobaki haitoshi tena kusimama.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Detroit tarehe 16 Agosti 1987, kwa ndege aina ya MD-82 ya Northwest Airlines. Marubani walikuwa wameanza kutembea walipobadilishiwa barabara ya kurukia, wakalazimika kutafuta taarifa mpya za hali ya hewa na kupitia upya hesabu zao, na katikati ya hayo wakaipita kona waliyotakiwa kuikata. Orodha ya ukaguzi ya wakati wa kutembea haikusomwa. Flapu hazikutolewa, na kengele ambayo ingewaonya haikulia kwa sababu mfumo wake haukuwa ukipata umeme. Kati ya watu 155 waliokuwa ndani alipona mtoto mmoja wa miaka minne, na watu wawili waliokuwa nje ya ndege nao wakafa. Ninakutajia ajali hiyo kwanza kwa makusudi, kwa sababu sehemu kubwa ya yaliyowavuruga marubani hao ilikuwa kazi halali kabisa.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Agosti 1988, Boeing 727 ya Delta Air Lines ilianguka Dallas–Fort Worth ikiwa na kasoro ileile, na watu 14 kati ya 108 wakafa. Hapo mazungumzo yalikuwa mengi. Foleni ya kuruka ilikuwa ndefu, mhudumu aliingia katika chumba cha marubani, na maongezi yakaendelea kwa sehemu kubwa ya kusubiri. Jambo linalonisikitisha zaidi katika kisa hicho ni kwamba orodha ya ukaguzi ilisomwa, na kipengele cha flapu kikajibiwa kana kwamba zimekwisha kutolewa. Mdomo ulitoa jibu uliozoea kulitoa, macho hayakwenda kwenye kipimo. Rubani aliyetoa flapu maelfu ya mara anapokatizwa katikati ya mfululizo wake wa kazi, akiulizwa kama amezitoa, kumbukumbu yake humpa picha ya kuzitoa, ila inaweza kuwa ni picha ya jana. Ndiyo maana usumbufu wa sekunde chache tu huweza kuacha pengo ambalo mhusika mwenyewe halihisi. Madrid nako, tarehe 20 Agosti 2008, MD-82 ya Spanair ilirudi maegeshoni kwa sababu ya hitilafu ndogo, ikatoka mara ya pili kwa haraka, flapu zikasahauliwa na kengele haikulia. Walikufa watu 154, wakanusurika 18.

Kosa la njia nalo lina mfano wake, ambao hutajwa sana katika mafunzo ya marubani. Alfajiri ya tarehe 27 Agosti 2006, kabla ya kupambazuka, ndege ndogo aina ya CRJ-100 ya Comair ilikuwa ikiondoka Lexington katika jimbo la Kentucky. Iliruhusiwa kuruka kwenye barabara namba 22, yenye urefu wa zaidi ya mita 2,100. Ili kuifikia ilibidi kwanza kuipita barabara namba 26, iliyo nusu ya urefu huo. Safari nzima ya ardhini ilichukua dakika chache tu, na ndani yake marubani walizungumza mambo yasiyohusu safari kwa muda usiofika dakika moja. Wakaingia kwenye barabara fupi. Dira mbele yao ilionyesha upande usiolingana na barabara waliyoruhusiwa, na taa za barabara hiyo zilikuwa haziwaki. Rubani msaidizi alilitaja hilo la taa kuwa jambo la ajabu wakati ndege tayari inakimbia, mwenzake akaafiki, wakaendelea. Kati ya watu 50 alipona rubani msaidizi peke yake. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, iliyataja mazungumzo hayo miongoni mwa sababu, pamoja na kutotumia alama na vifaa vilivyokuwapo kuthibitisha mahali walipo.

Mtu anaweza kusema kwamba sekunde hizo chache haziwezi kuwa ndizo zilizowaua watu 49, na kwa kiasi fulani nakubaliana naye. Palikuwa na matengenezo yaliyobadilisha njia za kiwanja, na mnarani alikuwapo mwongoza ndege mmoja aliyekuwa na kazi nyingine. Ila mazungumzo hayadhuru kwa urefu wake. Yanadhuru kwa kuuondoa usikivu wa watu wawili kutoka mahali pamoja kwa wakati mmoja, ilhali mpango mzima wa kuwa na marubani wawili umejengwa juu ya wazo kwamba mmoja akipotea, mwingine yupo.

Ubaya wa kupotea ardhini hauhitaji soga wala uzembe ili uonekane. Ajali kubwa kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga, ile ya Tenerife tarehe 27 Machi 1977 iliyoua watu 583, ilitokea wakati Boeing 747 ya Pan Am ikiwa bado inatembea juu ya barabara ya kurukia kwenye ukungu, marubani wake wakitafuta njia ya kutokea, huku 747 ya KLM ikianza kukimbia kuelekea kwao. Nimeitaja ili ujue ukubwa wa kile kinacholindwa. Sababu zake ni nyingi na zinahitaji jibu la peke yake.

Hapa ningependa kutoa maoni yangu, ambayo huenda yasiafikiwe na kila mtu katika taaluma hii. Kanuni ya ukimya imepata umaarufu kwa sababu soga ni mtuhumiwa rahisi: kinasa sauti kinainasa, magazeti yanaichapisha, na kila mtu anaelewa. Lakini katika safari za kawaida usumbufu mwingi unatokana na kazi yenyewe kufika wakati usiofaa, na hauwezi kuondolewa kwa kuwaambia watu wanyamaze. Unaondolewa kwa kupanga upya nini kifanywe lini. Ndiyo sababu mashirika makini yamehamishia maegeshoni kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa njiani, ikiwamo kutaja mapema viungio vitakavyofuatwa na mahali ambapo ni rahisi kupotea. Ndiyo sababu pia marubani hufundishwa kwamba orodha iliyokatizwa katikati haiendelezwi kwa kubahatisha, bali husomwa tena tangu mwanzo ikiwa kuna shaka yoyote. Kwamba wakati wa kuvuka barabara ya kurukia vichwa vyote viwili viwe juu na macho yawe nje, pande zote mbili. Kwamba msitari wa taa nyekundu unaowaka mbele ya barabara hauvukwi hata kama idhini imesikika redioni, mpaka uzimwe. Na kwamba hesabu mpya zikiwa nyingi, ndege isimamishwe kwanza, breki ifungwe, ndipo wote wawili wainame. Kuhusu simu na kompyuta za binafsi, sheria ya Marekani ilimaliza ubishi mwaka 2014 kwa kuwakataza marubani wa mashirika ya ndege kuzitumia kwa mambo yao wakiwa kazini katika chumba chao.

Kanuni hii ina upande wa pili ambao haufundishwi vya kutosha, na unakuhusu wewe abiria. Ukimya ukieleweka vibaya unaweza kuwa ukuta. Tarehe 10 Machi 1989 ndege aina ya Fokker F28 ya Air Ontario ilitembea kuelekea barabara ya kurukia huko Dryden, Kanada, theluji ikiwa imeshika mabawani. Mhudumu aliiona. Miongoni mwa abiria walikuwamo marubani wa mashirika ya ndege waliokuwa wakisafiri, nao waliona. Hakuna aliyewafikishia habari hiyo waliokuwa wakiiongoza ndege, na ilianguka mara baada ya kuruka ikaua watu 24 kati ya 69. Kila mmoja alikuwa na sababu iliyoonekana ya busara: huenda wanajua tayari, huenda si mahali pangu, huenda nitawakera. Kanuni haikatazi taarifa ya namna hiyo hata chembe, kwa sababu inazuia yasiyohusu usalama peke yake. Moshi, harufu ya kuungua, mafuta yanayomwagika, barafu bawani, abiria aliyezimia au mlango unaotia shaka ni mambo ambayo mhudumu anapaswa kuyafikisha mbele mara moja, wakati wowote, na akiwa na wasiwasi kama jambo ni zito au la, alifikishe vilevile. Ukiona kitu cha aina hiyo, mwambie mhudumu bila kusubiri, na ikiwa hakukuelewa mwambie tena.

Swali la ndege yako ya pili haliko katika kundi hilo, na kwa hakika marubani hawakuwa na jibu lake wakati ule. Muda halisi wa kufika hujulikana vizuri zaidi ndege ikiwa imetulia angani, na anayeamua kama ndege ya pili itasubiri ni kituo cha uendeshaji cha shirika, kwa kuangalia idadi ya abiria wanaounganisha na nafasi ya safari inayofuata. Mwulize mhudumu tena ndege ikishafika kimo cha kusafiri. Wakati huo anaweza kuwapigia marubani kwa simu ya ndani, nao wanaweza kuwasiliana na kituo hicho bila kuiacha kazi nyingine.

Kuhusu kusimama njiani bila tangazo, siwezi kukuambia kilichotokea katika ndege yenu, lakini sababu za kawaida ni chache: kupisha ndege nyingine, kusubiri zamu, au kubadilishiwa barabara ya kurukia na kuhitaji muda wa kuingiza hesabu mpya. Katika hali hiyo ya mwisho ukimya unaosikia kwenye vipaza sauti unatokana na kwamba marubani wote wawili wanafanya kazi moja, mmoja akiandika na mwingine akihakiki, na tangazo kwa abiria ni la mwisho katika mpangilio wao. Kwa kawaida huja breki ikiwa bado imefungwa na hesabu zimekwisha kuhakikiwa; wakipata idhini ya kuendelea kabla ya hapo, huenda lisije kabisa.